Nani Atamwambia Bibi Acha

Kama kuna mtu hapa anaweza kumwambia bibi yake "acha" mbele ya ukoo, asimame nimwone. Hayupo. Mimi nilijua hayupo, na kujua huko ndiko kulikonipa kazi.

Naitwa Jilala. Nimemaliza kidato cha sita Kahama, matokeo yakaja ya kumfanya mama asiniulize kitu siku tatu. Nikakaa nyumbani mpaka nikachoka kukaa, nikaingia Jirani. Jirani ni kampuni ya meseji za matangazo. Sio zile za zamani za kusoma kwenye kioo, zile watu walikuwa wanafuta hata hawajafungua. Siku hizi simu ni kipuli, unakivaa sikioni asubuhi kama unavyovaa ndala, na meseji haisomwi, inasemwa. Uko shambani umeinama, unasikia mtu anakwambia sabuni fulani imefika duka fulani.

Shida ya Jirani ilikuwa moja tu. Sheria inasema kila tangazo liwe na mlango wa kutokea. Ukichoka unatamka mwenyewe, kwa mdomo wako, neno ACHA, na mtambo unakutoa. Na watu walikuwa wanatamka, bwana. Pale ofisini kuna ubao ukutani unaohesabu wanaotoka, na siku niliyoanza kazi ulikuwa unakimbia kama mita ya maji bomba limepasuka. Wilaya nzima inasema acha, acha, acha.

Bosi wetu, Dada Ansila, ni mpole, wa kukuita jina lako la nyumbani wiki ya kwanza tu. Akatukalisha akauliza tufanyeje. Wenye digrii wakaongea sana. Mimi na kiherehere changu nikasema watu wanasema acha kwa sababu anayewasemesha hawamjui. Wekeni mtu ambaye hawawezi kumkatalia.

"Kama nani?" akauliza.

"Kama bibi yangu."

Ofisi ikacheka. Dada Ansila hakucheka. Aliinuka akafunga mlango.

*

Bibi yangu ni Milembe, mama yake baba, anakaa Ngandete, saa moja na nusu kutoka Kahama kama mvua haijanyesha. Kwetu mjukuu na bibi ni watani. Baba Mdogo Mhoja ana miaka hamsini na mbili, ana ng'ombe na wake wawili, tangu baba afariki ndiye mkubwa wa ukoo, lakini akiongea na mama yake anaangalia chini. Mimi nikifika naanzia getini: we kizee, bado upo tu? Na yeye ananijibu anasubiri niote ndevu kwanza, hataki kuzikwa na mtoto. Ananiita mume wangu. Akiniona nimenyoa vibaya anasema ameolewa na kuku.

Basi nikaenda na kinasa sauti, nikakaa naye siku mbili. Aliongea kila kitu. Akagombana na mbuzi, akasimulia ndoa yake, akaimba nyimbo za kulima. Mwisho nikamletea mkataba, nikamwonyesha mahali pa kuweka dole gumba. Nikamwambia, mke wangu, sasa utakuwa unaongea na watoto wako wote kila siku bila kuchoka.

"Na wao watakuwa wananijibu?"

Nikasema hapana, ni meseji, wao wanasikiliza tu.

"Basi hiyo siyo kuongea," akasema. "Hiyo ni kuswaga ng'ombe."

Lakini akaweka dole. Kwa nini? Kwa sababu niliyemwomba ni mimi.

Mtambo ukaichukua ile sauti ukaisambaza kwa watu wake thelathini na saba, watoto, wakwe na wajukuu, kila mmoja na meseji yake. "Mhoja mwanangu, kupe mwaka huu ni wengi, ile dawa ya kopo la bluu umeshanunua?" Nani atasema acha hapo? Ngassa, mume wa shangazi, maisha yake yote akimwona mkwewe njiani anakata kona anapitia majanini, ndiyo heshima yenyewe. Sasa mkwe yuko ndani ya sikio, atakata kona aende wapi? Kila meseji ikiingia anavua kofia. Ndani ya mwezi mmoja alikuwa na matangi matatu ya maji na nyumba haina hata mfereji.

Upande wa Bibi ubao ukasimama. Thelathini na saba, na hakutoka hata mmoja. Dada Ansila akaleta keki, kisha akatutuma tukawatafute wazee wengine sitini wilaya nzima, tukawapata. Mimi nikaitwa mkuu wa sauti. Nikapewa kiti kile kinachozunguka, na nilikizungusha, sidanganyi.

Kitu kimoja tu sikukitilia maanani. Siku moja nilimkuta mama nyumbani anakanda unga, kipuli chake kipo ndani ya kopo la chumvi, kinaongea peke yake. Nikamuuliza vipi. Akasema bibi yenu siku hizi ana maneno mengi.

*

Kazi yangu ya asubuhi ilikuwa kupitisha foleni. Nasikiliza meseji za siku mbili mbele, nzuri naweka tiki ya kijani, mbaya naweka nyekundu, haiendi popote. Za Bibi mara nyingine zilikuwa zinaingia zimepinda. "Nyanya zimeiva, njooni mchukue." Nyanya za nani? Duka gani? Nyekundu, nikaandika pembeni: haina bidhaa. "Mbona hamji?" Nyekundu. Nilidhani mtambo unakosea, mitambo inakoseaga.

Jumanne moja ikaja hii.

"Mhoja. Mhoja mwanangu. Nimeanguka humu ndani, mguu haunyanyuki. Njoo."

Nilikuwa na chapati mkononi. Nikairudia mara mbili. Nikajisemea, duh, mtambo umejifunza. Sisi tuna kitu tunaita kamba, nusu ya kwanza inamvuta mtu, nusu ya pili ndiyo inauza, nikajua nusu ya pili inakuja na dawa ya mifupa. Nikaweka tiki ya kijani. Pembeni nikaandika: nzuri, inashtua. Foleni ikaipanga Alhamisi saa nne asubuhi, baada ya sabuni, kabla ya mbegu za mahindi.

Alhamisi saa nne na dakika tano Baba Mdogo akanipigia. Alikuwa anacheka. Akasema meseji ya mama leo haikutaja bidhaa, nyie watoto sasa hivi mnauza nini, miguu? Na mimi nikacheka. Tulicheka wote wawili, mimi na yeye, kisha nikafungua ile meseji kuangalia ilikotoka.

Matangazo yote yanatoka kwenye mtambo. Ile ilitoka kwenye laini ya Bibi. Alikuwa amepiga simu, Jumanne alfajiri, yeye mwenyewe.

Ngoja nieleze, maana hata mimi nilielewa siku hiyo. Zamani mtandao ulikuwa unamjua mtu kwa namba. Sasa unamjua kwa sauti. Na sauti ya Bibi sisi tulishaiandikisha kuwa sauti ya biashara. Kwa hiyo ikiingia mtandaoni, itoke kwenye mtambo, itoke kwenye koo lake, mtandao hautofautishi, unaona tangazo. Unalipeleka kwenye foleni. Na mwenye foleni ni mimi. Miezi miwili kila alichowaambia watoto wake kilikuwa kinakuja kwangu kwanza, na mimi nakiwekea nyekundu kwa sababu hakiuzi kitu. Zile nyanya zilikuwa nyanya kweli. Zilishaoza.

Baba Mdogo alikuwa bado yuko hewani. Nikamwambia, Baba Mdogo, ile sio tangazo. Nikasikia kitu kama ndoo kinadondoka.

Tukakutana barabarani tukaenda pamoja. Ilikuwa wiki ya kuvuna, Ngandete nzima imehamia kwenye majaruba ya mpunga, nyumba zimefungwa. Tulimkuta sakafuni karibu na mtungi. Alikuwa amejiburuta mpaka pale, na siku zote hizo alikunywa maji kwa kata. Midomo imepasuka. Kanga ameikunja ameiweka chini ya kichwa vizuri, kama mtu aliyeamua kupumzika.

Akaniona mimi kwanza. "Mume wangu," akasema, sauti imebaki kidogo, "kumbe miguu unayo."

Kisha akamtazama mwanaye. "Nilikuita."

"Nilisikia, mama," Baba Mdogo akasema.

Akaingiza mikono chini yake, tukamnyanyua tukampeleka hospitali.

*

Nyonga ilikuwa imevunjika. Daktari akasema ataishi, ila hatatembea kama zamani, na akirudi kijijini lazima awe anaweza kumpigia mtu muda wowote. Nikatoka pale na viatu vyangu vya matope nikaenda moja kwa moja kwa Dada Ansila.

Alishajua. Alikuwa ameniwekea chai. Akasema pole, na nadhani alimaanisha, macho yalikuwa mekundu. Nikamwambia aitoe sauti ya Bibi kwenye mtambo. Akasema hawezi. Mkataba unasema wanaoweza kuitoa ni wasikilizaji, nusu yao na mmoja zaidi waseme ACHA. Kwa Bibi ni watu kumi na tisa. Na sauti ikishakataliwa namna hiyo mtandao unaifunga kabisa, kwa maisha, kampuni nyingine isije kuiokota. Sheria hiyo ilitungwa kuwalinda watu. Maana yake Bibi hatasikika tena kwenye kipuli cha mtu yeyote, hata akianguka tena.

"Lakini kuna njia nyingine," akasema, akanisogezea karatasi.

Kilikuwa kibali. Sauti ya Bibi ingewekewa alama, simu zake mwenyewe zipite moja kwa moja bila foleni. Akipiga, Mhoja anasikia sekunde ileile. Matangazo yanaendelea kama kawaida. Na mimi nabaki kwenye kiti changu.

Nikamuuliza wale wazee wengine sitini je. Akasema vibali ni vichache, wapo watakaopata, taratibu. Nikamuuliza, kwa hiyo kuna mtu sasa hivi anaita wanawe na mimi nimemwekea nyekundu? Akakoroga chai isiyo na sukari.

Sasa we niambie ungefanya nini. Usikimbilie kujibu. Ukisaini, bibi yako akianguka anasikika. Usiposaini, unamnyang'anya simu kikongwe mwenye nyonga mbovu ili ujisikie msafi. Nilikaa pale mpaka chai ikaota ngozi. Kalamu nilishaishika.

Dada Ansila akaona nasitasita, akajaribu kunisaidia, na hapo ndipo alipokosea. Akasema kwa upole kabisa, "Jilala, na hata ukikataa, unafikiri wataweza? Nani atamwambia bibi yake acha? Wewe ndiye uliyetufundisha."

Nikaweka kalamu chini. Nikamwambia chai imepoa.

*

Jumamosi tukamwombea Bibi ruhusa hospitali, ukoo mzima ukaja Ngandete, wote thelathini na saba. Bibi tulimtoa na kitanda chake tukakiweka barazani, amefunikwa blanketi la hospitali ambalo hakuna aliyeulizwa limefikaje pale. Nikasimama nikaeleza kila kitu. Tiki ya kijani nikaisema. Ile "nzuri, inashtua" nikaisema pia, neno kwa neno, na shangazi akafunika uso. Nikaeleza kibali, nikaeleza ACHA na gharama yake.

Baba Mdogo akasema hapana. Hakuniangalia hata. Alisema yeye alimsikia mama yake anamwita akacheka, na dawa ya hilo sio kumfunga mama mdomo. Chukueni hicho kibali, akasema, mama apige simu, hao wengine wana watoto wao. Wakwe wakaitikia. Ngassa alikuwa amevua kofia tangu amefika, na alikaa mbali, ameupa upande wa kitanda mgongo, kama inavyotakiwa.

Bibi akauliza kama wamemaliza.

"Huyu mume wangu ni mjinga," akasema, "hilo tulijua tangu anajikojolea. Lakini mjinga kaja kusema. Nyie wenye akili mna mwezi wa ngapi hamjafika hapa? Kila mmoja ananitumia meseji, mama, si tunakusikia kila siku. Mnamsikia nani? Mimi sijawahi kuongelea kopo la bluu. Mimi kupe naua kwa kidole."

Watu wakacheka, wakajizuia.

"Zimeni hiyo kitu. Anayenitaka aje na miguu. Nikianguka na hakuna mtu, basi nimeanguka. Lakini sitaanguka huku nauza sabuni." Akanigeukia. "Anza wewe, au na hilo unaogopa?"

Nikavaa kipuli, nikasema ACHA.

Sheria inataka mtambo uulize mara ya pili, na unauliza kwa sauti ileile. Nikasikia Bibi ndani ya sikio, mtamu, hajavunjika nyonga: "Una uhakika, mume wangu?" Bibi mwenyewe yuko mbele yangu anakohoa, ananiangalia ananisubiri.

"Acha, kizee," nikasema. "Umezidi kelele."

"Kelele unazo wewe," Bibi akajibu kutoka kitandani, na baraza ikalipuka.

Hapo wajukuu wakaingia mmoja mmoja. Kwetu sisi ilikuwa utani, na utani hauna kosa. Kabula akamwambia acha, mchawi we. Sosoma akamwambia acha, nimeshaoa mwingine. Bibi anawajibu wote, anawatukana wote, hajaonekana mzima hivyo tangu tumwokote sakafuni. Mjukuu akimaliza anavua kipuli anakitupia kwenye ungo. Nilikuwa nahesabu kwa sauti. Kumi na tano. Kumi na saba. Kumi na nane.

Na wajukuu tukaisha.

Kicheko kikafa pole pole. Kumi na nane, tunahitaji kumi na tisa, na waliobaki ni watoto na wakwe. Shangazi analia anatikisa kichwa. Ngassa hata kuulizwa haulizwi, mkwe yule, ungemwambia tu avue nguo mbele za watu ingekuwa afadhali. Nikaanza kumwona Dada Ansila na chai yake. Alijua hesabu. Nadhani alijua mpaka namba ya wajukuu.

"Mhoja," Bibi akasema.

Baba Mdogo akasogea, akapiga magoti pembeni ya kitanda, anaangalia chini kama kawaida yake. Akasema mama, naweza kukufanyia kitu chochote. Hiki siwezi.

"Juzi nilikuita ukasubiri nitaje bidhaa," Bibi akasema. Hakusema kwa hasira. "Leo nakuita tena, na bidhaa sina. Vaa hiyo kitu."

Akavaa. Ile mikono inayoangusha fahali kwa pembe ilikosea sikio mara mbili. Akasema ACHA, kwa sauti ndogo ambayo hata mimi niliyekuwa karibu niliiona zaidi midomoni.

Akaganda. Tukajua anaulizwa.

"Anasemaje?" Bibi akauliza.

Baba Mdogo machozi yalishafika kidevuni. "Anasema, Mhoja mwanangu, umechoka kunisikia?"

Bibi akanyoosha mkono, akamshika kidevu, akamwinua uso. Miaka hamsini na mbili, sidhani kama aliwahi kumtazama mama yake machoni muda mrefu hivyo.

"Na mimi nakuuliza nini?"

"Wewe hujaniuliza kitu, mama."

"Basi mjibu aliyeuliza."

"Acha," Baba Mdogo akasema. Safari hii mpaka mbuzi walisikia. "Acha! Huyu hapa mama yangu ninaye!"

Kumi na tisa.

Vipuli vyote mle kwenye ungo vikalia mara moja, mlio mfupi, vikanyamaza. Mimi changu, nilichokuwa bado nimekivaa, kikaita baada ya dakika. Alikuwa Dada Ansila, ubao wake ulikuwa umemwonyesha. Hakugomba. Aliniuliza tu kama nimeelewa kwamba Jumatatu nisije. Nikamwambia Jumatatu nina shughuli, nina orodha ya wazee sitini na najua kila mmoja wao ana wajukuu wangapi. Nikasikia kijiko kinagonga kikombe. Nikavua kipuli nikakitupia kwenye ungo na vingine.

Wanawake wakaenda kuwasha moto, Ngassa akaondoka na kofia mkononi kwenda kutafuta miti ya kutengenezea gongo la kutembelea, akapitia majanini kama zamani, kwa raha zake. Bibi tukamrudisha ndani alale. Tukakaa nje, kila mmoja anajishika sikio, limekuwa jepesi.

Kisha ikatoka sauti ndani ya nyumba. Kavu, ya mtu mwenye kiu, haijapita popote ila mlangoni.

"Nyie."

Tukasimama wote.